Poa ya Mlinzi

Benchi letu liko mkabala na ofisi ya bima, mlangoni kwa Mama Sindano, fundi cherehani. Kahawa ni birika moja, maneno hayana kipimo. Leo ofisi imefungwa, na Mlinzi wake alivuka barabara jasho likimtiririka. Mle ndani kuna chumba cha seva, zile mashine zinazotunza kumbukumbu za wateja wote. Asubuhi fundi wa kiyoyozi alimpigia simu: "Chumba vipi?" Naye, kwa mazoea ya salamu, akajibu: "Poa!" Fundi akashukuru, akaenda kwenye kazi nyingine. Mlinzi kuja kufungua mlango, loo, mle ndani tanuri! Kiyoyozi kimegoma.

— Mashine zikiungua, kazi sina, alisema Mlinzi. Bosi atauliza nani alisema poa.

— Pole, mwanangu, alisema Mama Sindano. Lakini hizo mashine zinapata wapi joto, nazo zimekaa tu?

Hapo akatunasa wote.

— Mawazo! alidakia Profesa, muuza vitabu vya mitumba, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu. Wewe ukiwaza sana kichwa hakiwaki moto? Zile zinawaza ya mji mzima.

— Basi zilale kwa zamu, nikasema. Na mimi nilitaka kuonekana nimo.

— Hazilali hizo, alisema Profesa. Zimwagiwe maji! Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Nani kavua nguo hapa? aliuliza Mama Sindano. Na maji na umeme vilipatana lini?

— Haya, liwashwe jiko humo humo. Dawa ya moto ni moto! Mashine ikiona joto la kweli, lake litaona haya.

— Wewe mzee, utamfukuzisha mtoto wa watu kazi!

Mlinzi akapokea kikombe cha pili, macho kwenye mdomo wa Profesa. Masikini, alikuwa anautafuta wokovu humo. Nilimwonea huruma, lakini la jiko nalo nilitaka kulisikia mpaka mwisho.

Dada mmoja aliyefuata gauni lake alikuwa amesimama pembeni, anatusikiliza.

— Samahani, wakubwa. Huyo fundi, mmempigia tena?

Profesa akachungulia kikombe chake. Mama Sindano akapata uzi wa kukata. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mlinzi keshafika katikati ya barabara, simu sikioni, anapiga kelele hata kabla haijapokelewa:

— Joto, fundi! Njoo! Joto! Joto!