Begimai Anauliza Kama Amepona

Mgeni rasmi, Daktari Toktosunova, bingwa wa moyo wa watoto kutoka Bishkek,

Sisi wazazi wa watoto wenye vali za moyo, yaani vilango vya damu, zilizobana, hapa Naryn, tunakukaribisha. Theluji imekuchelewesha njiani, lakini chai ingali moto na maandazi ya boorsok yamekwisha kukaangwa.

TULIKOTOKA
Kikundi hiki kilianzishwa na mwenzetu Burul, mama yake Begimai. Binti alikuwa na mashavu mekundu, akipanda farasi bila tandiko. Siku ya chanjo, muuguzi akasikia mvumo kifuani. Picha ya moyo ikaonyesha kuwa vali ya kupeleka damu mapafuni imebana.

"Kwa hiyo imeziba?" Burul alimwuliza mpimaji.

"Hapana, dada. Inafunguka, ila kidogo. Moyo unasukuma kwa nguvu mno."

"Mbona haumwi?"

"Bado."

Burul akarudi nyumbani na hiyo "bado" asijue aiweke wapi. Mama mkwe akamcheka: "Huyu anayemshinda kaka yake mbio? Mgonjwa ni mashine yao!"

MAFANIKIO
Begimai alitibiwa. Mrija mwembamba ulipitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto dogo likajazwa ndani ya vali, ikapanuka. Kifua hakikupasuliwa. Tunashukuru sana.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, hatuelewi. Baada ya tiba, Burul aliambiwa kuwa sasa vali inavuja kidogo, na kwamba si vibaya. Jana ilibana, leo inavuja, nasi tushangilie?

Mwenzetu Sagyn aliambiwa vali ya mwanawe imebana "kidogo", amrudishe kupimwa. Aliposikia "kidogo" akatulia, asimrudishe. Mtoto akaja kuzimia malishoni. Yu hai, ila Sagyn mpaka leo hajui alaumu nani, yeye au hilo neno.

MAOMBI
Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba mtu wa kukaa nasi, atueleze kwa Kikirigizi, lugha yetu, asichoke tukiuliza tena.

Na moja la leo. Keshokutwa watoto wanashindana mbio. Bibi yake Begimai anasema akimbie. Burul ameficha viatu. Begimai ametutuma: "Mwulizeni daktari, mimi mgonjwa au nimepona?" Kila mmoja wetu alimjibu lake, akazidi kuchanganyikiwa.

Huyo hapo, mstari wa mbele. Mjibu yeye kwanza, sisi tutasikiliza.

Mungu aitulize mikono yako kila inapogusa moyo wa mtoto, na akushushe mlimani salama.

Ni sisi,
Wazazi wa Mioyo Midogo, Naryn