Orysia Pruden, Mtunzi wa Mapenzi ya Watu Wasiofanana (1957–2024)

Padri Yaroslav, ndugu, majirani na marafiki, asanteni kwa kufika katika baridi hii. Mimi ni Zenon Dmyterko, mdogo wake marehemu na ndugu yake wa pekee. Shemeji yangu Lyle ameniomba nisome habari za maisha ya mke wake, na nitazisoma kama zilivyochapwa kwenye karatasi mlizo nazo. Nikinyamaza katikati, msihangaike. Sijalia tangu Jumapili. Watu wameniuliza, kwa hiyo nasema.

Orysia Paulina Dmyterko alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, kwenye shamba la wazazi wetu kaskazini mwa Ituna, hapa Saskatchewan, akiwa mtoto wa kwanza wa Metro na Stefania Dmyterko. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji, basi bibi yetu ndiye aliyemzalisha Mama. Orysia alianza kuzungumza mapema, na alipofika miaka minne akaanza kuwa na kigugumizi. Nyumbani kwetu watu walisema haraka na wote kwa pamoja. Mama alimpenda sana na hakuweza kumtazama akihangaika na neno, kwa hiyo alimmalizia. Orysia akianza kusema anaomba m-m-, Mama ameshammiminia maziwa. Alichotaka ni mkate. Aliyanywa maziwa. Miaka mingi baadaye Baba alimuuliza kwa nini hakuwa akikataa.

"Kukataa nako kunataka maneno, Baba," alisema.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa jirani na shamba letu mpaka ilipofungwa, kisha akaendelea Ituna na kumaliza mwaka 1975. Hakupenda kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na walimu wengi hawakumlazimisha. Akiwa darasa la nane aliandika mchezo wa Krismasi ambamo mke wa mwenye nyumba ya wageni anagombana na ngamia usiku kucha, na mwisho wanapatana. Ukumbi ulicheka hadi mzee mmoja akatolewa nje apate hewa. Yeye hakuigiza. Alikuwa nyuma, akivuta pazia.

Mwaka 1977 alihitimu mafunzo ya kusafisha na kutunza meno huko Regina, akaajiriwa katika kliniki moja ya meno mjini Yorkton, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2012. Wengi mliopo hapa mmewahi kulala kwenye kiti chake. Aliipenda kazi ile kwa sababu moja ambayo hakuificha: mtu aliyefungua mdomo hawezi kumkatiza.

Vitabu alianza kuviandika mwaka 1986. Kila Jumamosi alikuja shambani kumsaidia Mama kukunja pirohi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi ndani, na unga ukishapanguswa alitandaza karatasi zake kwenye meza ileile ya jikoni. Ilikuwa meza ndefu ya msonobari ambayo Baba aliitengeneza mwaka aliooa. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1989. Ilihusu mkaguzi wa afya na mwanamke mwenye duka la soseji ambalo mkaguzi huyo alikuwa amelifunga. Baadaye wakaja wakili wa talaka na mwoka keki za harusi, muuza majeneza na mpiga kinanda wa kwenye sherehe, refa wa hoki na mama wa kijana aliyemtoa uwanjani. Watu wasiofanana kwa lolote, na wote walikuwa na midomo mikali kama wembe. Mhariri wake wa Toronto alimuuliza mara moja maneno ya haraka namna ile anayatoa wapi. Alimjibu kwamba ni yale aliyochelewa kuyasema, anayo mengi.

Mama alisema hasomi vitabu vya mabusu. Siku moja mezani akamwambia Orysia, "Lile busu la ukurasa wa arobaini halikuwa la lazima."

"Mama, umefikaje ukurasa wa arobaini?"

"Kitabu kilianguka, kikafunguka."

"Na kurasa nyingine?"

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Mwezi wa Oktoba 1991 aliingia kliniki mtu mmoja aitwaye Lyle Pruden, Mmetisi, yaani wa uzao wa wenyeji wa asili na Wafaransa, mwenyeji wa upande wa Bonde la Qu'Appelle, mjane mwenye binti wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kunadi mifugo na mashine za mashambani. Nyote mmemsikia akinadi. Kabla hujamaliza kupiga chafya, ng'ombe wako amepata mwenyewe. Siku hiyo alilala kwenye kiti mdomo wazi, vyuma ndani, pamba pembeni, na dada yangu akaanza kumsimulia habari za mkaguzi na soseji. Alisimulia kwa mwendo wake, akikwama, akiendelea. Lyle hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Aliniambia mwenyewe kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kukaa kimya mchana, na kwamba alipotolewa pamba alisikitika.

Baada ya wiki tatu alirudi. Kabla ya Krismasi akarudi tena. Mwezi wa Februari daktari alimwita kando.

"Bwana Pruden, meno yako hayana kasoro yoyote. Unakuja kufanya nini?"

"Sijasikia mwisho wa hadithi," Lyle alisema.

Mama hakuridhika. "Dalali wa ng'ombe?" alimwambia Orysia. "Huyo atakumaliza kwa maneno. Utaomba chumvi Jumatatu, uipate Alhamisi."

"Ananingoja, Mama," Orysia alisema. Baada ya hapo Mama hakulisema tena.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1993 katika kanisa hili hili. Padri wa wakati ule, kwa wema wake, alimshauri bibi harusi atikise kichwa tu mahali pa kiapo. Orysia alikataa. Alisema amengoja miaka thelathini na sita, na wao wangoje kidogo. Kile kiapo kilikuwa kirefu. Neno moja lilimshika koo muda mrefu hata wanakwaya wakaanza kutazamana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya wazazi wetu. Nilimwona Mama midomo inamcheza, anataka kumsaidia, na Baba amemshika mkono ameukaza. Lyle alisimama akimtazama mke wake kama mtu asiye na safari nyingine. Neno likatoka. Watu wakapumua kanisa zima.

Hawakubahatika kupata mtoto pamoja. Orysia alimlea Janine, binti wa Lyle, na Janine atawaambia mwenyewe kwenye chakula alimlea vipi. Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri. Orysia aliandika asubuhi kabla ya kazi. Lyle, ambaye hakuwa amewahi kumaliza kitabu, alivisoma vyote, na akifika pa kuchekesha aligonga ukuta ili mke wake ajue amefika.

Lyle ameniambia nisiliruke jambo linalofuata.

Baba alifariki mwaka 1998 na Mama mwaka 2003. Mimi niliishi Saskatoon, Orysia alikuwa Yorkton, na hapakuwa na wa kulima. Tulikubaliana ardhi ikodishwe kwa jirani, mashine na vyombo viuzwe kwa mnada, na Lyle ndiye awe mnadi. Mnada ulifanyika Jumamosi tarehe 17 Aprili 2004. Kulikuwa na matope na watu wengi. Orysia alikuwa kliniki asubuhi, akafika mchana. Kulikuwa na kutoelewana kati yetu kuhusu vitu vya jikoni. Yeye alijua vinabaki. Mimi na Lyle tulijua vinauzwa. Alipofika uani, Lyle alikuwa juu ya gari la kukokota akiinadi meza ya Mama.

Orysia aliinua mkono. Alifungua mdomo aseme. Nilikuwa karibu, nikaona neno limemkwama. Lyle aliuona mkono wake, akadhani anaongeza bei, akacheka na kumpungia, huku ulimi unakimbia. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ikaenda. Wakaichukua mtu na mkewe kutoka Manitoba. Orysia alibaki amesimama pale na mkono juu, mdomo wazi, na lile neno halijatoka.

Hakupiga kelele. Aliingia kwenye gari, akaenda Yorkton, na badala ya kurudi nyumbani kwao akapanga chumba juu ya mkahawa karibu na kliniki. Alikaa huko kiangazi, vuli na majira yote ya baridi. Lyle alikwenda Manitoba kuifuata meza. Wale watu walikuwa wameshaikata miguu, watoto wao wanaichezea chini. Akarudi mikono mitupu. Wengi mnakumbuka kwamba mnada wake ulibadilika tangu mwaka ule. Kabla ya kugonga nyundo alinyamaza, akawatazama watu wote, mmoja mmoja. Vijana walimtania, "Vipi, Pruden, unangoja basi?" Alisema, "Nangoja mtu." Kisha akagonga.

Orysia alichukia simu maisha yake yote, kwa sababu kwenye simu watu husikia kimya na kukata. Kila Jumapili alasiri Lyle alimpigia. Alisema, "Ni mimi," kisha akanyamaza, na Orysia naye alinyamaza, kila mmoja ameshika simu yake. Ilikuwa hivyo toka vuli mpaka karibu na Pasaka. Haya Orysia alimsimulia mke wangu Carol, na Lyle ameruhusu yasomwe. Jumapili ya Matawi Orysia akasema, kwa shida, "Simama."

Lyle alingoja.

"Nilitaka kusema simama. Siku ile."

"Nakusikia," Lyle alisema.

"Ndiyo hayo tu. Nimemaliza."

Halafu Lyle akamuuliza, "Nije?"

"Njoo. Chumba hiki kinanuka vitunguu."

Alirudi nyumbani kabla ya Pasaka, na mwaka huo paska, mkate wetu wa Pasaka, waliuoka wawili, Lyle akakanda. Ulikuwa mgumu. Tuliula. Kitabu alichokiandika chumbani mle kilihusu mvunja majumba na mlinzi wa nyumba ya makumbusho, na ndicho kilichowachekesha wasomaji wake kuliko vyote. Sijui aliwezaje. Nilimuuliza, akaniambia hata yeye hajui.

Mwezi wa Oktoba 2022 alianza kuumwa na tumbo na mgongo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa Regina na Yorkton. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani walioleta supu ya borshch mpaka friji ikakataa kufunga. Aliandika mpaka Novemba mwaka jana. Mhariri alimtaka abadilishe mwisho wa kitabu chake cha mwisho, kwa sababu wapenzi wale wanakaa tu jikoni bila kusema kitu. Hakubadilisha. Kitatoka msimu wa mapukutiko kama alivyokiacha. Januari alitaka kurudi nyumbani, akarudishwa, na kitanda chake kikawekwa sebuleni, mbele ya dirisha.

Jumapili tarehe 3 Machi, mchana, tulikuwa naye sisi wanne: Lyle, Janine, Carol na mimi. Alikuwa amelala tangu asubuhi. Karibu na saa tisa alifungua macho, akamtazama mume wake. Akasema, "Lyle, nili—" neno likakwama. Lyle alivuta kiti, akaushika mkono wake, akangoja. Sote tulingoja. Tulikuwa tumezoea. Pumzi yake ilikwenda, ikaja, ikakawia. Sijui ni saa ngapi hasa tulipoacha kumngojea aseme tukajua kwamba hatasema. Lyle hakuacha. Alikaa vilevile ameinama.

Baada ya muda Carol alimwekea mkono begani. "Alitaka kusema alikupenda, shemeji."

"Hakusema hivyo," Lyle alisema. Hakuwa na hasira. "Alisema 'nili'. Inaweza kuwa nilisahau kumpa paka chakula. Usimmalizie, Carol."

Muuguzi alipofika jioni kuandika saa ya kifo, Lyle alikuwa bado amekaa kwenye kiti kile. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba ni wakati wa kumfunika. Lyle alisema amsubiri kidogo. Muuguzi akavua koti, akakaa. Kulipoanza kuwa giza Lyle alisimama, akamfunika mwenyewe, akaenda jikoni. Tukasikia kopo la chakula cha paka likifunguliwa.

Marehemu ameacha mume wake, Lyle Pruden. Binti yake, Janine, na mume wake Curtis. Wajukuu wawili, Tessa na Wade. Mimi mdogo wake, Zenon, na mke wangu Carol. Na wasomaji ambao wameandika wiki hii kutoka mahali ambako hakuwahi kufika. Alitanguliwa na wazazi wetu, Metro na Stefania.

Lyle aliulizwa kama angependa kusema machache, akasema hapana. Baada ya maziko, chakula kiko ukumbini chini ya kanisa. Ardhi imeganda, basi tembeeni kwa uangalifu kwenda makaburini.

Mungu ampokee dada yetu Orysia, ampe raha na utulivu, na amsikilize hadi mwisho.