Bi Jalada na Ombi la Siku Ishirini na Moja

Dada yetu mpendwa, ambaye kazini na mtaani alijulikana kama Bi Jalada, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1977, mtoto wa nne wa baba seremala na mama mkunga. Jumatatu tulikula naye chakula cha jioni. Leo Jumamosi tunamzika.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1995, akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu mwaka 1998, na mwaka huohuo akaajiriwa katika masjala ya serikali. Kwa miaka ishirini na sita alihudumia wananchi katika dirisha moja.

Hapo ndipo fundi saa mmoja alipofuata nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, akarudishwa mara tatu kwa upungufu wa viambatisho. Mara ya nne alileta vyote, na barua ya posa juu yake.

"Hii haina muhuri," marehemu alimwambia.

"Huo nitaufuata kwa baba yako."

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1999 na kujaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi na bado analipa mkopo wa masomo.

Mwezi Februari mwaka huu, serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kupandisha riba ya mikopo ya wanafunzi, hata kwa waliokwisha kukopa. Wabunge walipouliza juu ya kikao cha zamani kilichoahidi kwamba hao hawataguswa, walijibiwa kuwa muhtasari wake haupo. Marehemu alishtuka. Muhtasari huo aliuweka rafuni kwa mikono yake. Lakini kanuni hairuhusu karani kutoa jalada bila ombi la maandishi. Basi tarehe 18 Februari alitoka kwa mlango wa nyuma, akapanga foleni upande wa wananchi.

"Dada, unajiomba mwenyewe?" msaidizi wake alimcheka.

"Mimi si mwananchi? Gonga muhuri huko, acha maneno."

Jibu lilitakiwa ndani ya siku ishirini na moja.

Katika wasifu, hapa huandikwa ugonjwa. Hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikuwa akipanda ngazi kufuata jibu lake. Alianguka kabla ya kufika ghorofa ya pili. Daktari alituambia ni moyo. Tulimwomba arudie, kana kwamba hatukusikia.

Juzi Alhamisi binti yake alikwenda kuuliza jibu la mama yake. Msaidizi alishindwa kumtazama.

"Mwanangu, mwombaji akifariki ombi linafungwa. Mama yako ndiye aliyenifundisha kanuni hiyo."

"Basi nipe fomu, mjomba."

Aliijaza akiwa amesimama. Palipoulizwa sababu ya kuomba, aliandika: "Nadaiwa." Jibu linatakiwa tarehe 3 Aprili. Bunge litapiga kura tarehe 8.

Marehemu ameacha mama, mume, binti, kaka wawili na dada mmoja. Apumzike kwa amani, ambayo sisi tuliobaki bado hatujaipata.