Dereva Aliyesema Amepitiliza

Tarehe 31 Desemba 2023 Bwana Lamjed Ghrairi, ambaye sote kwenye reli hii ya pwani tunamwita Ami Lamjed, anastaafu baada ya kutumikia zaidi ya miaka thelathini na minne. Aliajiriwa Machi 1989 kusafisha mabehewa karakanani. Miaka mitano baadaye alikabidhiwa treni, na hakuiacha tena isipokuwa msimu mmoja wa baridi, ambao hauwezi kurukwa katika wasifu huu.

Majira ya joto alikuja kazini na kishada cha yasmini sikioni, na mwaka mzima alibeba mkate wa jodari na harisa, pilipili kali ya kusaga iliyowatoa machozi waliouonja. Kondakta Mabrouka Sassi, aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote, anasema vikongwe wa kila stesheni walimwomba amsubiri jirani ambaye bado anavaa viatu. "Treni si teksi, shangazi," angejibu, kisha angesubiri.

Ofisini kwetu kuna ubao unaotangaza kila mwezi kwamba tumevuka lengo: la abiria, la tiketi, la treni zilizowahi. Pale ubaoni, kupita kiasi kilichowekwa ni sifa, na watu hupigwa picha. Kwenye chumba cha dereva ni kinyume chake. Dereva aliyepita alama ya kusimama amepitiliza, na zamani neno hilo halikutamkwa kabisa. Tulikuwa na "nimesogea mbele kidogo" na "jukwaa leo limekuwa fupi". Marehemu Hattab, dereva wa zamani, alikuwa akisema "stesheni imenipita". Abiria waliteremkia kwenye kokoto wakilaani, treni ikaondoka, na redioni ikatangazwa kwamba safari ni salama. Aliyekiri aliandikiwa uzembe, kwa hiyo hakuna aliyekiri.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa Bir Zitouna, msimu wa mavuno. Matrela ya zeituni huvuka reli kabla tu ya jukwaa. Zeituni huanguka, magurudumu huziponda, na dereva anayeshika breki kama kila siku huona treni inateleza kama iko juu ya sabuni. Kila mmoja alidhani kosa ni la mkono wake mwenyewe, akanyamaza. Na mbele ya jukwaa kuna barabara nyingine inayokatiza reli, ya kwenda sokoni, ambayo wakati huo haikuwa na kizuizi.

Tarehe 19 Novemba 2009 Ami Lamjed alikuwa akisubiri usaili wa Jumatatu wa kuwa mkufunzi mkuu wa madereva. Nafasi hiyo aliitamani tangu siku za karakana, na hakukuwa na mshindani wa maana. Mkewe, Bi Souad, alikwisha oka sinia mbili za baklawa, vitamu vya sherehe. Asubuhi hiyo treni yake ililipita jukwaa lote la Bir Zitouna na kusimama pua ikiwa katikati ya barabara ya soko, karibu kabisa na trela la mkulima. Hakuna aliyeumia. Mkulima aliruka chini, akapaza sauti.

"We mzee! Umekuja kununua zeituni na treni nzima?"

Mabrouka alifika mbio. "Rudi nyuma taratibu, Ami, tufungue milango, twende zetu. Nani ameona?"

"Mabehewa matatu ya watu yameona."

"Hao watasahau wakifika nyumbani. Kamati ya Jumatatu haitasahau."

Ami alichukua redio. "Lamjed hapa. Nimepitiliza Bir Zitouna. Pua iko barabarani."

Mwongozaji wa safari, upande wa pili wa redio, alimtafutia mlango wa kutokea. "Umesogea mbele kidogo, siyo?"

"Hapana, ndugu yangu. Nimepitiliza."

Jina lake liliondolewa kwenye usaili, naye akapelekwa yadi kusukuma mabehewa matupu hadi machipuko. Bi Souad aligawa baklawa kwa majirani akisema ni ya kushukuru mvua.

Lakini wiki hiyohiyo madereva wawili walitamka neno lile redioni, kutoka mahali palepale. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wengi mno kuitwa wazembe wote. Mafundi walikwenda wakafuta reli kwa kitambaa, kitambaa kikarudi kinanuka kinu cha mafuta. Tangu hapo matrela hufunikwa nyavu, reli husuguliwa kila alfajiri ya msimu, na barabara ya soko imewekewa kizuizi. Mwaka 2011 kanuni ya kumwandikia uzembe anayekiri ilifutwa.

Nafasi ya mkufunzi mkuu alipewa mwingine, wala haikumrudia Ami Lamjed. Anastaafu akiwa dereva. Kwenye kikao chetu cha wafanyakazi, Oktoba mwaka huu, aliulizwa kama anajuta. "Naijutia baklawa," alisema. "Jirani yangu alikula sinia nzima na hakuniachia hata kipande."

Tarehe 12 Desemba mwaka huu, Ines Hamrouni, dereva wetu mpya kuliko wote, aliendesha treni mkurugenzi akiwa amesimama nyuma yake. Ilikuwa imenyesha. Treni ililipita jukwaa kwa nusu behewa. Ines alichukua redio bila kugeuka, akasema, "Nimepitiliza." Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. Katika behewa la kwanza alikuwemo Ami Lamjed akirudi nyumbani. Aliteremkia kwenye kokoto na kapu lake.

"Binti! Hii miguu ni ya kustaafu, unaitembeza wapi?"

"Nisamehe, Ami! Nimepitiliza!"

"Nimesikia. Stesheni nzima imesikia. Haya, endesha."

Ami Lamjed, tunakushukuru. Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa asubuhi na miaka mingi ya raha pamoja na Bi Souad.