Mashine Moja, Vyumba Viwili

Kwenye treni ya asubuhi, fundi wa majokofu alikuwa akimsifia muuguzi wa wodi ya watoto njiti mashine ya Stirling aliyoiunda. "Hewa imefungiwa ndani, dada. Pistoni ikiibana, upande huu unapata joto. Ikiiachia, ule unapoa. Watoto wapate joto, chanjo zipate baridi."

"Na ikizunguka kinyume?"

Fundi alikohoa. "Pande zitabadilishana. Lakini nimeweka kizuizi."

"Yaani unigandishie watoto, unichemshie chanjo." Muuguzi alikuwa anacheka; mimi, niliyekaa mbele yao, nilijifanya nasoma gazeti. "Basi kaka, shinda wewe kwanza kwenye chumba cha watoto kutwa nzima, nikupime joto kila saa."

"Nikitoka salama?"

Treni ikasimama. Muuguzi akashuka, fundi akamfuata mbio, na begi lake la spana begani.