Aliyekwenda Uani: Maige Ndaki wa Ghuba ya Buhumulo

Maige Ndaki alizaliwa Mwadui tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndaki, fundi wa mgodini, na Mama Scolastika. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1978, mahali ambapo maji aliyoyajua ni ya bomba tu.

Mwaka 1983 alimfuata mjomba wake, Maduhu, huku ziwani Geita, akajifunza kuendesha mtumbwi wa tanga. Siku ya kwanza upepo uliposhika, kijana wa Mwadui alipiga kelele: "Mjomba, breki iko wapi?"

Maduhu alicheka hadi akakaa chini. "Unayo mkononi, bwana! Legeza kamba, tanga litamwaga upepo."

Kwa zaidi ya miaka arobaini alivusha wagonjwa, mchele na maharusi. Nje ya ghuba hakuwahi kuifunga kamba hiyo, aliishika mwenyewe.

Ndani ya ghuba ni habari nyingine. Mlima umeikinga, maji yamelala, na sisi wa Buhumulo tunaiita uani. Humo kila mtu hufunga kamba ya tanga kwenye ubao, akapumzisha mkono. Anayevuka haagwi, maana hasafiri.

Tarehe 9 Septemba 1989, Katoro, alifunga ndoa na Ritha Mwigulu. Walijaliwa Noela na Mihayo.

Aya ya ugonjwa haipo. Marehemu hakuugua. Jumanne, 11 Novemba 2025, alishuka ufukweni asubuhi amevaa kofia yake ya kanisani.

"Hiyo kofia unampelekea nani huko?" mkewe alimtania.

"Naenda uani tu, Mama Noela. Wewe songa ugali."

Upepo uliporomoka ghafla kutoka mlimani, naye yuko karibu kiasi cha kusikia kuku wa ng'ambo. Mtumbwi ulipinduka, mti wa tanga ukampiga kisogoni. Mtumbwi ulipovutwa ufukweni, kamba ilikuwa bado imefungwa. Nyumbani ugali ulikuwa bado wa moto. Hatujaelewa hata sasa. Mama Noela anarudia neno moja tu: "Sikumuaga, jamani."

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Baada ya ibada atavushwa ghuba, akazikwe ng'ambo kando ya mama yake, aliyemfuata huku uzeeni. Noela, aliyefundishwa na baba yake, ndiye atakayeongoza mtumbwi, kamba ikiwa mkononi. Mama Noela anatuomba tusimame sote ufukweni, tumuage kama anayekwenda mbali.

Pumzika kwa amani, Baba Noela. Safari njema.