Baba Yetu, Mzee Kidevu, na Swali Alilolicheka

Baba yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa injini za treni, na mama yake alifua nguo za watu. Alibatizwa akiwa na miezi minne. Shangazi zake walipenda kusimulia kwamba alilala ibada nzima, hata alipomwagiwa maji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la sita alimchora mwalimu wa hesabu nyuma ya daftari. Mwalimu alijitambua kwa masikio, akamchapa, kisha akaomba apewe ile karatasi. Sekondari alisoma miaka miwili tu, kwa sababu baba yake aliumia mkono kazini na nyumba ikamtegemea yeye. Mjomba wake, aliyekuwa na studio, alimfundisha kusafisha picha gizani.

Mwaka 1974 alifungua studio yake mwenyewe karibu na ofisi ya uhamiaji: chumba kimoja chenye pazia la bluu, taa mbili na kigoda cha kuzunguka. Picha za pasipoti ndizo zilizotulisha na kutusomesha. Kwa kuwa kila mteja aliambiwa "inua kidevu," watoto wa mtaani walimwita Mzee Kidevu, na jina hilo likamganda hadi kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa tangu mwaka 1990.

Mama yetu, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, alikwenda pale kupiga picha ya cheti. Baba alimwinua kidevu mara nne. Mama akamuuliza, "Kaka, unapiga picha yangu au ya shingo?" Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978 na kujaliwa watoto watatu.

Yanayofuata Baba mwenyewe aliagiza yasomwe. Alisema wasifu usioyataja utakuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 2008, ndugu mmoja wa ibada ya kwanza, mtu mpole na mtoaji mzuri wa sadaka, alianza kuleta wasichana studioni. Alisema amewapatia kazi za hoteli nje ya nchi. Mmoja wao alikuwa binti wa fundi cherehani, mjane anayekaa nyuma yetu kanisani. Alikuwa na miaka kumi na minane, na kwa uimbaji wake kwaya nzima ilimwita Sauti ya Kwanza. Akiwa kwenye kigoda alimuuliza Baba, "Mzee, hivi pasipoti mtu anakaa nayo mwenyewe?"

Yule ndugu alimjibia. "Ukae nayo wewe? Hawa wasichana wanapoteza hata funguo za nyumbani."

Baba alicheka. Kisha akasema, "Inua kidevu, mwanangu," akapiga picha.

Miaka miwili baadaye mmoja wa wale wasichana alirudi peke yake, akaenda studioni kupiga picha ya kitambulisho. Alimwambia Baba kwamba hoteli haikuwapo. Walinyang'anywa pasipoti wakafungiwa ndani, na wanaume wakaletwa. Sauti ya Kwanza alihamishiwa mji mwingine, na tangu hapo huyu aliyerudi hakujua mwenzake alipo. Yule ndugu alikuwa ameshahama kanisa bila kuaga.

Siku hiyohiyo Baba alifunga studio akaenda kwa fundi cherehani, akamweleza yote.

"Kwa hiyo mwanangu aliuliza," fundi alisema.

"Aliuliza."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo, mama. Nikacheka."

Fundi alimaliza pindo alilokuwa analishona. "Msamaha sina wa kukupa leo, Mzee. Lakini kanisani bado kuna wenye mabinti. Kawaambie wao."

Baba alikwenda kwenye baraza la wazee wa kanisa. Mwenyekiti alimwambia mambo ya vitandani hayasemwi madhabahuni, kuna watoto.

"Hao watoto ndio wanaochukuliwa," Baba alijibu.

"Basi tutawaombea."

"Kuomba tumeomba sana, mwenyekiti. Tulipokuwa tunaomba, mimi nilikuwa napiga picha."

Ilichukua mwaka mzima kupewa dakika kumi baada ya ibada. Alisema Mungu ameweka sura yake kwa kila binti, na yeye kazi yake ni sura, hivyo hana udhuru wa kusema hakuona. Alisema aibu si ya hao mabinti, ni ya walionunua, waliouza, na watu kama yeye waliosaidia safari. Wengine walitoka nje. Nyumbani pia tulimsihi apunguze, maana watu walianza kutuangalia vibaya. Hakupunguza. Alizungumza na madarasa ya kipaimara na kwaya, na kanisa lolote lililomfungulia mlango.

Studioni aliweka sheria kwamba nyuma ya pazia anaingia mpigwa picha peke yake. Huko alimuuliza nani analipa nauli, nani atashika pasipoti, na kazi ikigeuka atampigia nani simu. Wakala mmoja alimfokea, "Mzee, wewe mpiga picha au askari?" Baba akamjibu, "Mpiga picha. Ila pazia langu ni dogo." Wasichana kadhaa waliahirisha safari. Tulipotaka kumfariji kwa hao, alikataa. "Waliobaki wana mama zao wa kuwafurahia," alisema. "Mimi nina wangu aliyekwenda."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Wodini aliwauliza hata wauguzi wanafunzi kama pasipoti zao wanazo wenyewe. Jumatatu ya wiki yake ya mwisho fundi cherehani alikuja kumwona. Baba aliuliza kama kuna habari. "Hakuna," fundi alisema. Akamwekea mto vizuri, akakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, akasema atarudi Alhamisi. Baba alifariki Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2022, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Aliagiza tumwandike pamoja nao Sauti ya Kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, na mama yake ameturuhusu. Sasa ana miaka thelathini na miwili. Mwenye kujua lolote amwone mama yake, aliyeketi safu ya pili.

Baba alikataa tuandike kwamba amepumzika kwa amani wakati binti huyu hajapatikana. Tulibishana nyumbani, na Mama akasema asikilizwe. Kwa hiyo tunaomba hivi: Bwana ampokee mtumishi wake, na amrudishe mtoto aliye mbali.